Wavuvi wa Jumamosi: Mtumbwi Usio na Namba

Mtumbwi ule ulikuwa bado unakuja.

Juma lililopita tulimwacha Adeline amesimama katika mtumbwi wake, si mbali na ufuko wa Kasenyi, mabati ya nyumba yakionekana wazi kwenye jua la asubuhi. Moteri ilikuwa imezimika. Wavu wa zamani uliotupwa majini ulikuwa umejizungusha kwenye panga la moteri, lile linalosukuma maji. Na kutoka upande wa matete ulikuwa umetokea mtumbwi mrefu usio na namba ubavuni, umejaa wanaume. Mmoja wao alikuwa amesimama mbele, na alichoshika mkononi hakikuwa kasia.

Aliyekosa kutusoma ajue hivi. Adeline ni mama wa Bunia, mwenye restora ndogo nyuma ya soko. Vita vilipotulia, alianza kuwateremsha watu ziwani kila Jumamosi kuwafundisha kuvua kwa mshipi. Safari ya saa chache tu, karibu na nchi kavu, kwa watu ambao hawajawahi kushika ndoano maishani. Mwanzoni Bunia nzima ilimcheka. Nani ataacha kitanda chake Jumamosi akafanye kazi ya mvuvi bila kulazimishwa? Lakini watu walikuwa wamechoka kujifungia ndani wakitega sikio kama kuna mlio wa risasi. Wakaja.

Siku hiyo walikuja watatu. Charlotte na Baudouin, mke na mume ambao harusi yao ilikuwa bado inazungumzwa mtaani. Na Théodore, mtu wa makamo, mpole, ambaye tangu walipotoka Bunia alikuwa hajasema maneno ya kujaza kiganja. Nyuma, kwenye moteri, alikaa Félicien, shemeji yake Adeline.

Félicien alikuwa ameinama, mikono ndani ya maji hadi mabegani, akikata wavu. Adeline alimuuliza kwa sauti ya chini kama wavu umebaki kidogo. Félicien akamjibu kwamba umebaki mwingi.

Mtumbwi usio na namba ukaugonga wa Adeline ubavuni. Charlotte akamshika mumewe shati.

"Mikono," alisema yule aliyesimama mbele. "Kila mutu anionyeshe mikono yake."

Alikuwa amevaa kofia ya sufu katika joto lile, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. Hakupiga kelele. Adeline alijikuta akitamani apige kelele, maana mtu anayepiga kelele unaweza kumtuliza.

Akawauliza wanatoka wapi. Adeline akasema Bunia. Akauliza wanafanya nini pale.

"Tunaloba samaki, papa," alisema, akimwita baba kwa heshima.

Mwenye kofia akatazama ndani ya mtumbwi. Aliona mishipi mipya iliyofungwa kwenye vijiti, rangi yake bado inang'aa. Aliona kapu la mikate, mayai ya kuchemsha na parachichi. Aliona jile, fulana za kuelea, nyekundu, zimewakaa watu wale kama nguo za kuazima. Aliona viatu vya Charlotte, vya kwendea kanisani, na kucha zake zilizopakwa rangi.

"Hawa ndio wavuvi?"

"Wanajifunza," alisema Adeline. "Ni watu ya kutembea tu. Wanashuka asubuhi, wanaloba kidogo, wanarudi kwao."

"Wanaloba juu ya nini? Hawana chakula?"

"Juu ya furaha tu, papa."

Yule mtu alilirudia neno lile polepole, furaha, kama anayeonja chakula kilicholala. Mmoja wa wenzake akatema mate majini.

Hapo ndipo hofu ilipomshika Adeline sawasawa. Mwaka ule redio ilisema kuna amani, na amani ilikuwepo, lakini ilikuwa amani ya mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Ukikutana na wenye bunduki na ukashindwa kujieleza, basi ulikuwa umekwisha kuhukumiwa. Mfanyabiashara alijieleza kwa mzigo wake. Mvuvi kwa nyavu zake. Yeye angejieleza kwa nini? Maneno aliyowaambia watu wote wa Bunia, kwamba kuvua kunapumzisha roho, hapa yalisikika kama uongo wa mtu asiyejua kudanganya.

Macho mekundu yakamfikia Baudouin. Yakashuka kutoka nywele zake zilizokatwa chini kabisa mpaka miguuni. Baudouin ni mwalimu wa hesabu. Lakini alikuwa amesikia kwamba ziwani kuna matope, naye akanunua sokoni buti nyeusi, ndefu, za kufunga kamba.

"Huyu ni askari."

Charlotte akasema kwamba mumewe ni mwalimu, waulize watu, waulize wanafunzi. Akaambiwa anyamaze.

"Munasema anajifunza kuloba," alisema mwenye kofia. "Basi alobe sasa. Tuone."

Akainua bunduki na kuilaza mkononi, mdomo wake ukielekea kifua cha Baudouin. Si kwa hasira. Kama mtu anayemwelekeza mwingine njia kwa kidole.

Adeline aliomba amsaidie. Akaruhusiwa kusema, asiguse kitu.

Basi akaanza kufundisha. Asubuhi ile alikuwa ameyasema maneno hayohayo wakicheka, Charlotte akikataa kushika chambo, Baudouin akijigamba. Sasa aliyasema moja moja.

Akamwambia akate kipande cha samaki mdogo. Baudouin akakata, na kisu kikamkata kidole. Akamwambia apitishe ndoano mara mbili, ili chambo kisitoke. Ndoano ikamchoma kidole kilekile. Damu ikamdondokea kwenye buti. Akamwambia aachie mshipi ushuke wenyewe mpaka risasi inayouzamisha iguse mchanga, kisha aupandishe kiasi cha mkono, kisha angoje.

"Usivute," Adeline alimwambia. "Ngoja samaki ndiye akuvute."

Wakangoja. Maji yalipiga mbao kidogo kidogo. Kutoka Kasenyi ilisikika pikipiki ikipanda kilima, kisha ikapotea. Mikono ya Baudouin ilitetemeka hivi kwamba mshipi wote ulikuwa unacheza, na hakuna samaki duniani ambaye angesogelea kitu kile. Adeline aliliona hilo. Mwenye kofia naye aliliona.

"Askari anajua kufanya kama hajui," alisema.

Wenzake wawili walisogeza mtumbwi karibu zaidi. Mmoja alimwambia Baudouin asimame aje upande wao. Charlotte alianza kulia bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

Na hapo mshipi wake yeye ukakaza.

Alikuwa ameusahau. Tangu mtumbwi ule utokee, mshipi wa Charlotte ulikuwa umefungwa kwenye kiti alichokalia, ndoano ikiwa chini majini. Sasa kijiti kiliruka, kikagonga ubao, kikaanza kuzunguka chenyewe. Mwanamke yule, machozi yakiwa bado shavuni, akakidaka kwa mikono miwili na kugeuka, si kwa mumewe, si kwa wenye bunduki.

"Mama Adeline, nafanya nini? Nafanya nini sasa?"

"Usishindane naye," Adeline alisema kabla hajafikiri. "Mwachie. Akichoka, vuta. Usiangalie maji, angalia mukono yako."

Charlotte alivuta. Aliangalia maji. Akaanguka juu ya kapu la mayai, akainuka, akakanyaga parachichi, akavuta tena. Mshipi ulimwingia baina ya vidole naye akawa anaita Yesu na mama yake kwa zamu. Mwishowe samaki mmoja, kapiteni mwenye tumbo jeupe, aliingia ndani ya mtumbwi akipiga mkia. Charlotte alipoona mdomo wake umefunguka alirusha kijiti na kupanda juu ya kiti, akikunja gauni lake, kama mtu aliyeona panya jikoni.

Halafu mmoja wa wenye bunduki akacheka. Mwingine akamfuata. Hata Félicien, mikono ikiwa majini, alitoa sauti ambayo hakukusudia.

Mwenye kofia hakucheka. Alimtazama Charlotte kwa muda, juu ya kiti, miguu imebanana. Kisha akashusha bunduki.

"Sawa. Hawa si askari," alisema. "Hawajui kitu chochote. Sasa muganga ni nani?"

Adeline hakuelewa. Alifikiri kuna mtu ameumia. Akageuka kumtazama Baudouin na kidole chake.

Ni Théodore aliyesimama. Alivua jile yake ya kuelea, akaikunja vizuri, akaiweka pale alipokuwa amekaa.

"Ni miye," alisema.

Msomaji, kuna hofu ya kuona bunduki, na kuna hofu ya kugundua kwamba mliyekula naye mkate mmoja njiani alijua bunduki zitakuja. Ya pili ndiyo iliyomfikia Adeline sasa.

Mambo yote yakajipanga mbele yake. Théodore alifika restorani siku chache nyuma akitaka mtumbwi peke yake. Adeline akakataa, kwa kuwa haendi ziwani na mwanaume mmoja asiyemjua. Akamwambia angoje Jumamosi, kuna mke na mume waliooana juzi, wataenda pamoja. Yule mtu aliwaza kwa muda mrefu kabla ya kukubali. Na asubuhi ile ni yeye aliyewaomba wasogee upande wa matete, kwa kuwa amesikia huko ndiko samaki wapo. Adeline alidhani ni ujuaji wa wageni. Wote huwa nao.

Théodore alifungua sanduku lake la plastiki, lile alilosema lina ndoano. Ndani mlikuwa na chupa za serum, sindano, bendeji na vidonge vilivyofungwa kwenye mifuko.

"Ulijua," Adeline alimwambia. "Walimuelekezea huyu kijana bunduki, na weye ulikaa kimya. Ulijua."

"Niliwaambia nitakuja na mwenye mutumbwi, basi," alisema Théodore. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. "Walipoona watu wengi walifikiri ni mutego. Kama ningesema mapema, wangeniua kabla sijamuona mutoto. Niliogopa, mama. Mutoto yangu iko kwao."

Akaeleza kwa haraka, huku mwenye kofia akimhimiza. Alikuwa mwuguzi Bunia. Wakati wa vita, watu walipokimbia ovyo kila upande, bintiye Grâce aliachana na mkono wa mama yake barabarani, na alipoonekana tena ni watu wengine waliomwona, mbali, akibeba mizigo ya wenye silaha. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Sasa alikuwa mwanamke. Miaka yote hiyo Théodore na mkewe Angèle waliweka sahani yake mezani. Kisha zikaja habari kwamba mkubwa wa watu hawa ni mgonjwa sana, hawezi kwenda hospitali kwa sababu anatafutwa, na anataka mwuguzi. Mwuguzi aende, binti arudi. Ndiyo makubaliano.

"Nionyesheni mutoto kwanza," Théodore aliwaambia wale watu.

Katikati ya mtumbwi wao palikuwa na turubai ya buluu. Wakaifunua. Msichana aliyekuwa chini yake aliinuka akifumba macho kwa mwanga. Alikuwa mwembamba, kitenge kimefunika kichwa chake na nusu ya uso. Akasukumwa kidogo mgongoni, akavuka kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, na Charlotte, ambaye bado alikuwa analia, ndiye aliyempa mkono asianguke.

Théodore alimtazama. Aliinua mkono kama anayetaka kumgusa shavu, kisha akaushusha, kwa kuwa aliyempoteza alikuwa mtoto na sasa alisimama mbele ya mtu mzima.

"Grâce," alisema.

Msichana alitikisa kichwa kukubali. Akainamisha macho.

Hakukuwa na nafasi ya zaidi. Théodore alichukua sanduku lake. Alimwambia Adeline kwamba ufukweni atamkuta Gustave, mwenye pikipiki, mtu wa kanisa lao. Ni Gustave aliyetembea katikati ya pande zote mbili mpaka mambo yakapangwa. Yeye atamfikisha Grâce nyumbani, mtaa wa Nyakasanza, mikononi mwa mama yake.

"Na weye, utarudi lini?" Adeline alimuuliza. Hasira yake ilikuwa imekosa mahali pa kukaa.

Théodore alikumbatia sanduku lake. Akavuka. Mtumbwi usio na namba ukageuka, na kwa muda mrefu waliona mgongo wa shati lake jeupe baina ya migongo mingine, mpaka matete yakaufunika.

Félicien alipomaliza kukata wavu, moteri ilikataa, ikakohoa, ikakataa tena. Charlotte aliomba kwa sauti. Ilipowaka hakuna aliyefurahi. Walielekea Kasenyi, Baudouin akiwa amefunga kidole chake kwa leso ya mkewe, samaki akiwa amelala kati ya miguu yao, hakuna aliyetaka kumtazama.

Adeline alikaa karibu na msichana. Alimpa mkate. Msichana aliula upesi, akigeukia pembeni, kama anayehofia utachukuliwa. Adeline alimwambia kwamba mama yake atalia sana leo, asiogope, ni kilio cha heri. Alimwambia kwamba baba yake ni mtu jasiri, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bado hajaamua kama anaamini maneno hayo.

Msichana akaacha kutafuna.

"Ule muzee ni baba ya Grâce kweli?"

Adeline alidhani hakusikia vizuri kwa sababu ya moteri. Akamwinamia.

"Miye si Grâce," alisema msichana. "Naitwa Rebecca."

Akaanza kueleza, na alieleza kwa sauti ile ile, bila kupandisha, kama anayesoma. Grâce yupo, ni mzima, lakini mguu wake umeoza kwa kidonda na hawezi kutembea wala kukaa mtumbwini. Wakubwa waliona mwuguzi hatakubali kuvuka bila kuona msichana. Wakatafuta msichana. Grâce mwenyewe alimtaja Rebecca. Usiku kucha alimfundisha jina la baba, jina la mama, jina la mtaa. Alimwambia aende kwa jina lake, kwa kuwa nafasi ni moja na yeye hawezi kuitumia.

"Alisema baba yake akimuona kule, atamutunza mguu," alisema Rebecca. "Alisema niende tu. Nilikataa. Alinipiga kofi, halafu akalia."

Charlotte alikuwa amesikia. Baudouin pia. Hakuna aliyejua aweke wapi macho.

Adeline alishika kichwa. Atamwambia nini Angèle, aliyekuwa amekaa Nyakasanza tangu alfajiri, labda amepika, labda amefagia uwanja mara ya tatu? Kwamba mumewe amekwenda na bintiye hakurudi, na badala yao amepewa msichana wa mama mwingine? Aliamua jambo moja: maneno hayo Angèle atayasikia kutoka kinywani mwake yeye, si kwa mtu mwingine, na si barabarani. Mpaka hapo Rebecca abaki kuwa Grâce. Akawaambia wote. Wote wakakubali. Akamfunika msichana kitenge vizuri hadi chini ya macho.

Ufuko ulikaribia. Wanawake walikuwa wakianika samaki juu ya nyavu. Kando yao, pikipiki imeegemea jiwe, alisimama mwanaume mwenye shati safi na msalaba mdogo shingoni. Adeline alimfahamu Gustave. Nani Bunia asiyemfahamu? Alipowaona alinyoosha mikono miwili juu na kusema kwamba Mungu ni mkubwa.

Félicien alipunguza moteri. Baudouin aliruka kwanza, akambeba Charlotte hadi mchanga mkavu. Charlotte alipiga magoti na kugusa ardhi.

Gustave aliingia majini na viatu vyake. Alikamata kamba ya mtumbwi, akaizungusha kwenye mkono, akauliza kama safari ilikuwa salama na kama muzee Théodore alivuka vizuri. Adeline akasema alivuka. Akamshukuru kwa kazi yake. Akamwonyesha msichana aliyejifunika, akisema kwa sauti ya kusikika, huyu hapa Grâce wetu.

Chini ya kitenge, mkono wa Rebecca ulimkamata Adeline kiunoni. Kucha zikaingia kwenye nyama.

Gustave aliendelea kutabasamu. Alimtazama msichana, kisha akainama hadi uso wake ukawa karibu na wake, na akasema kwa upole, kama baba anayemwamsha mtoto:

"Rebecca. Shuka, tuende."